Sifuri nne

Kitabu cha matengenezo ya ndege hakiandikwi kwa ajili ya mawakili. Ukurasa mmoja wa kitabu cha aina hiyo, tena wa kutunga tu, ndio ulionipotezea kesi Kampala mwaka 2016.

Nilikuwa mwaka wa tatu wa sheria, darasa la jioni. Mchana nilikuwa fundi wa ndege Entebbe. Australia kuna vyuo vikuu vinavyofundisha uhandisi wa anga na sheria kwa pamoja, mtu akatoka na shahada mbili. Mimi niliunga mwenyewe: ufundi nilianzia Soroti, kwenye chuo cha usafiri wa anga kilichofunguliwa 1971 enzi za Jumuiya ile ya kwanza, na sheria nikaifuata kwa matatu kila jioni, kilomita 40 hivi za foleni na mikono ikinuka mafuta.

Muhula huo tulipewa mahakama ya mazoezi. Abiria mwenye mafua amepanda ndege ya kimataifa aina ya Boeing 737 kuja Entebbe. Wakati wa kushuka sikio la kushoto limemuuma vibaya, na tangu siku hiyo halisikii. Anadai fidia. Mwalimu alinipa upande wa shirika la ndege kwa makusudi. "Wewe si unazijua hizi ndege?" Mwenzangu alikuwa dada mmoja wa Arua, mwepesi wa hoja kuliko sisi wote.

Sheria yenyewe ni fupi. Mkataba wa Montreal wa 1999, ibara ya 17, unalibebesha shirika jukumu la kifo au jeraha la mwili lililosababishwa na ajali ndani ya ndege, au wakati wa kupanda na kushuka. Hadi SDR 113,100 kwa abiria (hiyo ndiyo fedha ya hesabu ya Shirika la Fedha la Kimataifa, na kiwango kimepanda hadi 151,880 tangu mwisho wa 2024) mdai hana haja ya kuthibitisha uzembe. Juu ya hapo shirika linaweza kujinasua likithibitisha kwamba halikuzembea. Kwa hiyo mdaiwa hana pa kujificha isipokuwa kwenye neno moja: ajali.

Na neno hilo lilikwisha kupata tafsiri, tangu lilipokuwa kwenye Mkataba wa Warsaw uliotangulia huu. Mahakama Kuu ya Marekani, katika kesi ya Air France dhidi ya Saks mwaka 1985, ilikuwa na abiria aliyepoteza usikivu wa sikio la kushoto akitoka Paris kwenda Los Angeles, huku mfumo wa hewa wa ndege ukifanya kazi kama kawaida. Mahakama ikasema ajali ni tukio lisilotarajiwa au lisilo la kawaida, lililo nje ya abiria mwenyewe. Mwili wako ukishindwa kuvumilia safari ya kawaida, hiyo si ajali. Hukumu ya Marekani haiibani mahakama ya Uganda, ila ina uzito, na kesi yetu ilikuwa pacha wake.

"Kaka, tumeshinda," dada akasema. Aliweka kidole kwenye nakala ya kitabu cha matengenezo: *mfumo umepimwa, hitilafu haikuonekana*. Upande wa pili nao waliona mstari huohuo, wakakata tamaa, wakajikita kwenye uchungu wa mteja wao.

Mimi nikasoma mstari wa juu yake. *Wahudumu wameripoti shinikizo kali masikioni baada ya kutua. LAND ALT imekutwa 0000.*

Ndege ikiwa futi 41,000, watu hawaishi kwenye hewa ya huko. Injini zinasukuma hewa ndani, na vali iliyo nyuma ya bodi inaitoa kwa kipimo, ili chumba cha abiria kibaki kama kiko futi 8,000. Mchezo huo wa kujaza na kupunguza si wa kuchezea: Comet G-ALYP, iliyofungua safari za jeti za abiria tarehe 2 Mei 1952 kwenye njia ya London hadi Johannesburg kupitia Entebbe, ilipasuka angani karibu na kisiwa cha Elba Januari 1954, bodi ikiwa imechoka kwa mizunguko hiyohiyo.

Wakati wa kushuka, kompyuta ya hewa inahitaji kujua uwanja wa kutua uko kimo gani. Rubani anaiambia kwa kidirisha cha LAND ALT kilicho juu ya kichwa chake. Entebbe iko futi 3,782, na kwa kuwa kidirisha kinakwenda kwa hatua za futi 50, unaweka 3,800. Hapo shinikizo ndani ya chumba linatoka hektopaskali 753 hadi 882, na kiwambo cha sikio kinabeba ongezeko la 130 hivi. Ukiweka sifuri, kompyuta inadhani mnatua pwani. Inashusha chumba hadi hewa ya usawa wa bahari, 1,013. Ongezeko ni 260, mara mbili kamili, na muda wa kushuka ni uleule. Mwenye mafua, mirija ya masikio yake imeziba. Ndiye wa kwanza kuumia. Halafu ndege inagusa ardhi ikiwa imevimba kwa karibu pauni 1.9 kwa inchi ya mraba, wakati kikomo cha kutua nayo ni 0.125. Vali inafunguka, hewa inatoka, masikio yanapiga tena.

Mfumo haukuwa na hitilafu. Ulitii namba uliyopewa.

Nilimweleza dada. Alinyamaza kidogo, kisha: "Kwani wao hawana nakala?"

Wanayo.

"Basi si kazi yako kuwasomea."

Na kwa sheria alikuwa sahihi. Hukumu inayokupinga lazima uitaje hata mpinzani asipoiona. Ushahidi unaokuumiza, tena ulio mkononi mwa mpinzani, hulazimiki kumfafanulia. Usichoruhusiwa ni kumdanganya jaji. Hangani, kwenye karakana ya ndege, mambo ni tofauti kabisa: namba ukiiona na ukainyamazia, umeshatenda kosa. Tulikubaliana nisitamke kwamba safari ilikuwa ya kawaida. Ningesema tu kwamba mfumo haukuwa na hitilafu, maneno ya kitabu chenyewe.

Nikasema hivyo, nikaiegemea Saks, nikaona inakwenda vizuri. Mwalimu, aliyekaa kama jaji, alivua miwani.

"Bwana wakili, mfumo haukuwa na hitilafu. Je, ulitumiwa sawasawa?"

Swali la moja kwa moja halina mlango wa nyuma. Nikajibu: kidirisha kilikuwa sifuri, kilipaswa kuwa 3,800. Nilijaribu kuyakimbilia mafua, kwamba ndiyo chanzo halisi. Haikusaidia. Saks hiyohiyo inasema jeraha huwa na mnyororo wa sababu, na abiria anatakiwa kuthibitisha kwamba kiungo kimoja tu cha mnyororo huo ni tukio lisilo la kawaida lililo nje yake. Nilikuwa nimeshampa mdai kiungo chake, kwa futi na hektopaskali.

Tulishindwa. Alama zetu hazikuwa mbaya. Dada hakusema neno hadi tulipofika kwa muuza roleksi, zile chapati za mayai, akaagiza mbili, moja bila nyanya.

"Ungeweza kujibu kwamba hilo ni suala la mtaalamu, na wewe ni wakili."

Ningeweza. Ni jibu halali, na mpaka leo naamini ndilo ambalo wakili mzoefu angelitoa. Halikunijia kabisa.

Asubuhi yake kulikuwa na 737 hangani kwa ukaguzi. Nilipanda, nikawasha umeme, nikaangalia juu. Kidirisha kilisomeka 3800. Nikakirudisha hadi sifuri, kisha nikakipandisha tena nikihesabu. Hatua 76.