Nilivyopima mionzi kwenye viota vya mbayuwayu Fukushima

Msimu wa kwanza nilitundika vipima mionzi vyangu mita moja kutoka ardhini, kama tunavyofanya tunapowapimia watu. Nikapata namba, lakini hazikuwa za mbayuwayu. Mbayuwayu anaishi chini ya upenu, ndani ya bakuli la tope alilolibeba mwenyewe kwa mdomo kutoka kwenye majaruba ya mpunga. Sesiamu, elementi yenye mionzi iliyotoka kwenye kituo cha nyuklia cha Fukushima, Japani, kilipopata ajali Machi 2011, ilishuka na mvua na theluji ikang'ang'ania udongo wa mfinyanzi, na udongo wa aina hiyo ndio unaofaa kujengea. Kifaranga hulala juu yake wiki tatu hivi kabla ya kuruka.

Msimu uliofuata nikaanza upya, safari hii kwenye kiota chenyewe. Nilitumia vipande vya litiamu floridi, kila kimoja upana wa milimita 3 hivi. Fuwele hiyo hutunza nishati ya mionzi inayoipiga; ukiipasha moto kwenye mashine ya maabara hutoa mwanga, na kadiri mwanga unavyokuwa mwingi ndivyo dozi ilivyokuwa kubwa. Kufunga vipande kulinisumbua kuliko nilivyotarajia. Plastiki nene huzuia miale ya beta, aina ya mionzi isiyopenya mbali, na karibu na tope mchango wa beta si wa kupuuza. Mwisho nilitumia plastiki nyembamba nyeusi, ili na jua lisiharibu kipimo.

Mbayuwayu hupenda kurudia kiota cha zamani, kwa hiyo nilipanda ngazi kabla hawajafika. Kipande kimoja nilikiweka chini ya nyasi za ndani, kingine ukutani, hatua mbili kando. Tofauti ya viwili hivyo ndiyo iliyonionyesha mchango wa kiota chenyewe. Vingine nilisafiri navyo kila mahali bila kuvitega, vinionyeshe mionzi ambayo vipande hupokea njiani, kisha nikatoa usomaji wake kwenye hesabu. Msimu wa kwanza sikufanya hivyo, na data ya miezi miwili ikawa haina maana. Iliniuma sana.

Kupata viota nako kulikuwa kazi. Huyu ni ndege wa nyumba zenye watu. Watu wakihama, naye hupungua. Katika vijiji vilivyohamishwa, kama Iitate, nilizunguka kutwa nzima na kuambulia viota vikavu.

Nyumba moja niliyokubaliwa ilikuwa ya bibi mmoja aliyepigilia ubao chini ya kiota, kinyesi kisiwaangukie wageni mlangoni. Huko Japani mbayuwayu akijenga kwako ni baraka. Akaniuliza, "Mwanangu, hawa watoto watapona?"

"Bibi, hiki kitanieleza wamepokea kiasi gani. Hakitanieleza kama watadhurika."

Akanyamaza kidogo, kisha akaishika ngazi kwa mikono miwili ili nipande.