Riwaya Iliyochanwa Katikati

Kaka yangu alifia Kitonga, Mei 2004. Lori la viazi lilishindwa breki likiteremka kuelekea Ruaha Mbuyuni. Wanaoijua barabara ile hawana cha kuuliza: ukiwa na mzigo mzito, ukashuka kwa gia ya mwendo kasi huku umekanyaga breki mfululizo, zinapata moto na kuacha kushika. Kaka alikuwa utingo tu. Lakini nyumbani kwetu, juu kidogo ya Tukuyu, habari ya breki haikumtosheleza mtu. Baba mkubwa alitaka jina.

Na jina lilingojewa kwa bibi. Wazee wa Kinyakyusa husimulia kuwa zamani vijiji vilikuwa na abamanga, watu waliowaona wachawi ndotoni na kuwazuia. Bibi alikuwa Mmoravian asiyekosa ibada, hakuwahi kujiita hivyo hata siku moja, ila watu walishampa cheo. Aliwahi kuota ng'ombe wa jirani aliyepotea, akasema atafutwe kando ya mto Kiwira, na akakutwa hukohuko. (Ng'ombe wa upande wetu wakipotea wengi huishia Kiwira, lakini siku ile hakuna aliyelikumbuka hilo.)

Begi la kaka lililetwa siku ya mazishi. Ndani mlikuwa na shati, kandambili ya mguu wa kushoto, na riwaya isiyo na jalada, imechanwa katikati kwa uangalifu, uzi wa kushonea ukining'inia. Vitabu alikuwa akinunua Mwanjelwa, kwenye vibanda vya mitumba, kabla soko halijaungua mwaka 2006. Mama alikataa begi lisiguswe. Nilichomoa kitabu alipokwenda kuoga.

Usiku mimi na bibi tulilala jikoni, sebuleni kumejaa wageni. Alikuwa hajui kusoma ila hadithi alizipenda kupita kiasi. Nikawasha kibatari, nikamsomea. Msichana mmoja anampoteza mdogo wake, na tangu hapo kila akishika kitu cha marehemu anaona yaliyompata. Anaona mkono wa muuaji, saa, pete, lakini sura haioni. Halafu anampenda mwanaume mwenye pete kama ile. Bibi alikuwa akinikatiza: "Mwambie asipande gari la huyo!" Msiba ndani ya nyumba, na sisi tunamgombeza mtu wa kwenye kitabu.

Katikati ya kurasa mlikuwa na barua. Nayo nikaisoma, kwa sauti ileile. Iliandikwa na msichana wa Kyela. Alisema akishamaliza kuvuna mpunga atapanda Tukuyu kuwaamkia wazazi, na kwamba kaka asiogope, yeye mwenyewe haogopi. Bibi aliniambia nizime taa, mafuta yanakwisha.

Asubuhi ukoo ulikaa. Baba mkubwa alianza kwa mbali, akapita kwenye mpaka wa shamba la migomba aliokuwa akigombania na jirani, kisha akauliza, "Mama, usiku umeona nini?" Jirani mwenyewe alikuwepo, amekaa kwenye benchi karibu na mlango, bakuli la uji mkononi. Aliacha kunywa. Nami nilibana pumzi, maana kwenye riwaya hapa ndipo muuaji hutajwa.

"Nimeona binti," bibi akasema. "Anapanda kutoka bondeni, amejitwika mchele. Ni wa mtoto wetu. Asije mtu akamfukuza."

"Na aliyemuua?"

"Nimeota binti, mwanangu. Sikuota mwingine."

Baba mkubwa alimkazia macho mama yake kwa muda, akatoka kwenda kuangalia kuni. Jirani akamalizia uji wake. Mimi peke yangu ndiye niliyejua ndoto ile ilisomwa kwa kibatari, na sikumwambia mtu.

Binti alifika siku chache baadaye, mvua inanyesha, khanga imemganda kichwani. Habari alizipata kwa madereva, stendi ya Kyela. Hakuwa na mchele. Mpunga ulikuwa bado shambani. Bibi alikuwa amekisia kutokana na barua, akakosea, na kwangu mimi hilo ndilo lililonithibitishia zaidi ya yote kwamba hakuna alichoota. Shangazi naye hakuacha lipite: "Mama, mbona mchele hatuuoni?"

"Nilisema amejitwika. Nilisema ameshafika nao?"

Hata waliokuwa wakilia walicheka. Kwa kicheko hicho binti akapata pa kukaa. Bila ndoto ya bibi angeishia uani na wapishi, kama mpita njia, maana mama alikuwa amewakasirikia wote waliomjua mwanawe huko barabarani.

Alichokuwa nacho ni mfuko wa nailoni, na ndani yake nusu ya pili ya riwaya. Walikichana kitabu ili wasisubiriane: yeye aanze nyuma, kaka aanze mbele, wakikutana wasimuliane. Nikamuuliza, nani anaanza hadithi nyuma? Akasema yeye akishajua mwisho ndipo anasoma kwa raha.

Usiku ule tulisomeana jikoni kwa zamu. Mwenye pete hakuwa muuaji, alikuwa kaka wa muuaji, na alijua tangu mwanzo. Msichana anamsamehe, wanaoana. Hatukujua mama alikuwa amesimama mlangoni kwa muda gani.

"Anamsamehe vipi?" akauliza. Yalikuwa maneno yake ya kwanza marefu tangu mazishi. "Alijua, akanyamaza, halafu anaolewa naye? Huyo mwandishi amechoka tu."

"Ila anampenda, mama," binti akasema.

"Kumpenda kitu kingine." Akavuta kigoda, akakaa kati yangu na binti. "Rudi pale walipokuwa kwenye gari. Soma polepole."