Nilivyoijaribu fulana ya sufu kabla ya kuipandisha Kibo

Mwezi Agosti 2019 niligeuza njia nikiwa kwenye pango la Hans Meyer, njia ya Marangu ya mlima Kilimanjaro, mita zaidi ya 5,100 juu ya usawa wa bahari, ilipokaribia saa tisa usiku. Kichwa hakikuniuma sana na miguu ilikuwa bado na nguvu. Kilichonirudisha ni fulana. Juu nilivaa sweta mbili na jaketi nene la kukodi, lakini iliyogusa ngozi ilikuwa fulana ya pamba ya mikono mirefu, ileile niliyozoea kuivaa shuleni siku za michezo, nayo ilikuwa imelowa jasho tangu nusu saa ya kwanza baada ya kuondoka kwenye kibanda cha Kibo. Tulipokuwa tukitembea sikuona tatizo lolote. Tuliposimama kunywa chai, mgongo ukawa kama umemwagiwa maji ya kisima, na meno yakaanza kugongana. Mwongozaji aliingiza mkono chini ya jaketi langu, akautoa, akautazama kwa mwanga wa tochi ya kichwani, akasema, "Mwalimu, umelowa. Tunashuka." Sikubishana naye.

Mimi ni mwalimu wa fizikia, kwa hiyo aibu yangu ilikuwa mara mbili. Kila mwaka huwaeleza wanafunzi kwamba maji hupitisha joto takriban mara 25 zaidi ya hewa iliyotulia, na kwamba kila gramu moja ya jasho inayokauka huondoka na jouli zipatazo 2,400 za joto la mwili. Huwaeleza pia kwamba hewa hupoa kwa wastani wa nyuzi 6.5 kwa kila mita 1,000 mtu anazopanda, hivyo siku ambayo Dar es Salaam ina nyuzi 28, kilele cha Uhuru chenye mita 5,895 kinaweza kukadiriwa kuwa na nyuzi 10 chini ya sifuri, kabla ya kuhesabu upepo. Yote hayo niliyajua, na bado nilivaa pamba. Niliporudi nyumbani niliamua kwamba sitapanda tena mpaka nguo inayogusa ngozi iwe imejaribiwa, na kwamba nitaijaribu huku chini, mahali ambapo nikikosea nitakuwa nimepoteza jioni moja tu.

Fulana ya kwanza niliyoipata ilikuwa ya poliesta, mpya, nyembamba, yenye kubana mwili na zipu fupi shingoni, niliyoinunua kwa shilingi 45,000 katika duka la vifaa vya michezo. Ya pili nilitaka iwe ya sufu ya kondoo wa merino, ambaye sufu yake ni nyembamba kiasi cha kutowasha ngozi, lakini mpya sikuiona kwa bei ya mwalimu. Nikaenda soko la Karume. Kwa Jumamosi tatu mfululizo nilichambua mafungu ya sweta na fulana za mitumba, na siku ya tatu nikakuta moja ya rangi ya kijivu, laini, yenye mikono mirefu, lebo yake ikiwa imekatwa. Muuzaji aliapa kwamba ni sufu tupu, ingawa dakika chache kabla ya hapo nilimsikia akiapa hivyo hivyo juu ya sweta ambalo hata kipofu angelijua kuwa ni plastiki.

Nilimwomba kiberiti. "Mzee, unataka kuunguza mali yangu?" aliuliza, nami nikamwahidi kwamba nitachomoa uzi mmoja tu kwenye pindo la chini, na kwamba ukiwa wa sufu nitalipa bila kupunguziwa hata senti. Uzi wa poliesta ukiguswa na moto huyeyuka na kuacha kidonge kigumu. Wa pamba huungua kama karatasi. Wa sufu hujikunja, huzimika wenyewe ukiondolewa kwenye moto, hunuka nywele zilizoungua na kuacha jivu jepesi linalosagika kati ya vidole. Ule wa fulana ya kijivu ulinuka kinyozi. Nililipa shilingi 12,000 kama nilivyoahidi, na nadhani yule kijana alijuta kutotaja bei ya juu zaidi.

Nyumbani nilianza na mizani ya jikoni. Ikiwa kavu, fulana ya pamba ilikuwa na uzito wa gramu 250, ya sufu gramu 230 na ya poliesta gramu 180. Niliziloweka zote katika ndoo moja, nikazikamua kwa mikono kadiri nilivyoweza, nikazipima tena: pamba ilibaki na gramu 220 za maji, sufu 190, poliesta 80. Kisha nilizianika kivulini. Poliesta ilikauka kwa saa mbili, sufu ilichukua zaidi ya nne, na pamba ilikuwa bado na unyevu kwenye mapindo nilipoenda kusali magharibi. Nilipiga hesabu ya zile gramu 220 za pamba: kuzikausha kunahitaji zaidi ya jouli 500,000, na kwa kuwa mtu aliyetulia hutoa joto la wati 100 hivi, hiyo ni sawa na joto lake lote la karibu saa moja na nusu. Hapo nikaelewa kwa namba kilichonipata pangoni.

Ukiishia kwenye mizani, poliesta imeshinda na hakuna haja ya kuendelea. Lakini mizani haivai nguo. Sufu ina tabia ambayo ndoo haiwezi kuionyesha: nyuzi zake huweza kufyonza mvuke unaokaribia theluthi moja ya uzito wake kabla mvaaji hajahisi kuwa amelowa, na wakati wa kuufyonza hutoa joto kidogo, ilhali poliesta haifyonzi hata asilimia moja, bali huyasambaza maji juu ya nyuzi ili yakauke haraka. Nilihitaji baridi ya kweli, na baridi ya kweli Dar es Salaam inapatikana kwa wauza samaki.

Binamu yangu anafanya kazi kwenye ghala la samaki waliogandishwa, ambalo chumba chake kikubwa huwekwa nyuzi 18 chini ya sifuri. Nilimbembeleza kwa muda wa wiki mbili. Hatimaye alikubali kwa masharti kwamba niende jioni baada ya kazi, kwamba yeye mwenyewe atasimama mlangoni na saa mkononi, na kwamba nikianza kuongea ovyo atanitoa bila kuniuliza. Kwa siku tatu, kila siku na fulana yake, nilivaa fulana, sweta moja na jaketi, nikaruka kamba nje kwa dakika kumi katika joto la Dar es Salaam mpaka jasho likachuruzika, kisha nikaingia ndani na kusimama bila kujitikisa kwa dakika kumi na tano. Nilichagua kusimama kwa makusudi, kwa sababu mlimani hakuna anayeganda akitembea; mtu huganda anapopumzika, anapofunga kamba ya kiatu au anapomsubiri mwenzake atapike.

Siku ya pamba nilitoka dakika ya tisa, nikiwa natetemeka mabega. Siku ya poliesta nilimaliza muda wote, lakini dakika tano za kwanza zilikuwa ngumu: ubaridi ulinipiga ghafla kifuani, kama mtu aliyefunuliwa shuka, kisha ukapungua taratibu nguo ilipoendelea kukauka. Siku ya sufu pigo hilo halikuja. Fulana ilikuwa na unyevu, niliuhisi nilipoibana kwa vidole, lakini mgongo wangu ulikaa vuguvugu mpaka binamu alipogonga mlango. Baridi niliyotoka nayo siku hiyo ilikuwa ya vidole na pua. Nakiri kwamba jaribio hili lina kasoro, kwani jasho la siku tatu haliwezi kuwa sawa na mimi ndiye niliyejipima mwenyewe. Hata hivyo, tofauti ya dakika tano za kwanza ilikuwa kubwa kiasi kwamba sikuwa na shaka nayo. Wanasema pia kuwa sufu haishiki harufu. Ya jasho haishiki, nimethibitisha. Ya samaki inashika.

Julai 2022 nilizipeleka zote mbili Lushoto, ambako asubuhi za mwezi huo zina ukungu na baridi ya kutosha kumfanya mtu wa pwani avae soksi kitandani. Nilitembea mara mbili kutoka mjini hadi Irente nikiwa na mzigo mgongoni, na huko nikagundua mambo ambayo ghala halikuweza kunifundisha. Mshono wa begani wa ile ya poliesta ulikaa sawasawa chini ya mkanda wa begi na kunichubua. Ile ya sufu haikuwa na mshono begani, lakini ilikuwa fupi, kila nilipoinama ilichomoka kwenye suruali na kuruhusu upepo kuingia kiunoni. Mke wangu aliiongezea kipande cha sentimita nane kutoka kwenye sweta kuukuu la mtoto. Zipu ya ile ya poliesta nayo ilinifurahisha kuliko nilivyotegemea, kwa kuwa kuifungua kidogo kwenye kilima kulinipunguzia jasho kuliko kuvua sweta zima.

Septemba mwaka huohuo nilirudi Marangu na kumtafuta mwongozaji yuleyule. Mpango wangu ulikuwa kutumia poliesta mchana, kutoka getini hadi vibanda vya Mandara, Horombo na Kibo, na kuihifadhi sufu ikiwa kavu kabisa ndani ya mfuko wa plastiki kwa ajili ya usiku wa kilele. Mchana poliesta ilifanya kazi yake vizuri, ila siku ya pili jioni kule Horombo ilikuwa inanuka kiasi kwamba niliitundika nje ya kibanda kwa heshima ya wenzangu. Asubuhi niliikuta imekakamaa kwa baridi. Nikaikung'uta, nikaivaa, na kabla ya kumaliza uji ilikuwa imekauka mwilini. Sufu nisingethubutu kuifanyia hivyo.

Usiku wa kilele, kwenye kibanda cha Kibo kilicho mita zaidi ya 4,700, nilivaa sufu kavu, sweta moja jepesi na jaketi, na kuliweka sweta zito ndani ya begi. Kipimajoto changu kidogo kilionyesha nyuzi 6 chini ya sifuri. Mwongozaji hakupendezwa. "Mwalimu, vaa sweta, usije ukanilaumu." Nilimweleza kwamba safari iliyopita nilianza nikiwa na joto ndiyo maana nikalowa, na kwamba safari hii nataka kuanza nikiwa na baridi kidogo. Aliguna tu. Dakika kumi na tano za kwanza zilikuwa za mateso na nilijiuliza kama nimefanya ujinga. Kisha mwili ukashika moto wenyewe kwenye kokoto zile zinazoteleza, na tukaenda mwendo wa kinyonga, hatua na pumzi.

Pale pangoni tulisimama tena kunywa chai. Nililitoa sweta zito na kulivaa kabla hata ya kukaa, jambo ambalo kwa maoni yangu lilisaidia sawa na fulana yenyewe. Mwongozaji hakusema kitu. Aliingiza mkono mgongoni mwangu kama mara ile, akaukausha kwenye suruali yake kwa mazoea, kisha akautazama na kuona kwamba hakukuwa na cha kukausha. "Kuna unyevu kidogo," alisema, "lakini hujalowa. Twende."

Juu ya pango sina mengi ya kueleza kuhusu fulana, na hiyo ndiyo sifa kubwa ninayoweza kuipa: niliisahau. Nilikumbuka vidole, nilikumbuka maji yaliyoganda kwenye mpira wa kunywea, nilikumbuka kila hatua ya mwisho kabla ya Gilman's, kwenye ukingo wa kreta, ambako kipimajoto kilikuwa kwenye nyuzi 11 chini ya sifuri na upepo ukipiga kutoka upande wa kushoto. Mahali pekee iliponikosesha raha ni shingoni, kwa sababu haina zipu wala kola, na baridi ilipenya hapo mpaka nilipojifunga kitambaa. Uhuru nilifika saa mbili kasorobo asubuhi. Wakati wa kushuka, jua lilipochomoza vizuri, nilitoka jasho jingi kuliko usiku wote, na tulipofika Kibo fulana ilikuwa imelowa kweli. Niliitundika Horombo jioni ile, wingu likashuka, na asubuhi nikaikunja ikiwa bado mbichi.

Nyumbani niliifua kwa maji baridi na sabuni kidogo, nikaianika ikiwa imelazwa, kwa kuwa maji ya moto huisinyaza sufu na kamba huivuta. Mwezi mmoja baadaye niliitoa kabatini na kukuta nondo wametoboa matundu mawili chini ya kwapa, ajali ambayo poliesta isingepata maishani mwake. Nimeyashona.

Poliesta nilimpa binamu yangu kama shukrani, aivae chini ya koti lake la kazi. Baada ya wiki tatu alinipigia simu kusema kwamba inafaa, ila kila anapotoka kupanga maboksi kwenye lori na kurudi ndani na jasho lake, kuna dakika chache ambazo kifua chake hukatwa na baridi, na akaniuliza kama ile ya kijivu naitumia siku zote. Nimemwambia aende Karume Jumamosi, na asisahau kiberiti.