Maandamano ya Matawi, Bukavu

Bukavu ni milima, na Jumapili ya Matawi huangukia mwezi wa 3 au wa 4, mvua ingali inanyesha. Basi anzieni juu, mteremke kuelekea kanisani. Kupanda huku mnaimba ni kuwaacha wazee njiani.

Mbele hutangulia chetezo, kisha msalaba uliopambwa matawi kati ya mishumaa miwili, padri mwenye mavazi mekundu, halafu waamini. Makaa yawashwe mapema, yashike majivu meupe. Ubani juu ya kaa jeusi hautoi moshi wa maana.

Kinachosumbua kweli ni wimbo. Msafara ukifika mita 100, sauti ya mbele huchukua karibu theluthi moja ya sekunde kufika nyuma, na mkia unaimba silabi iliyokwisha pita. Kuongeza megafoni hakusaidii (ingawa kila mwaka kuna anayeipendekeza!). Wekeni ngoma moja katikati, si mbele, na kwenye kona mtu wa kuinua mkono ubeti unapoanza.

Matawi yaliyokatwa jana yafungeni kwenye gunia lenye maji, la sivyo asubuhi yamejikunja. Ya mwaka jana yakusanywe kabla ya Kwaresima: yakichomwa, ndiyo majivu ya Jumatano ya Majivu.