Ijumaa tuliyoizika lifti ya Aldwych

Mtoto wa dada yangu yuko London anasoma, juzi usiku kanitumia picha WhatsApp: jengo la vigae vyekundu vya kuiva kabisa, juu limeandikwa Strand Station, geti limefungwa. "Mamdogo, hiki kituo kinafunguliwa saa ngapi? Kwenye ramani sikioni." Nikamwambia mwanangu hicho kituo cha treni za chini ya ardhi kimefungwa tangu 1994, na sie tulikuwa tunakiita Aldwych, hilo la Strand ni jina la 1907 kilipoanza, walilibadilisha 1915. Akanijibu eti siku hizi watu wanalipa kwenda kutembezwa humo ndani. Wanalipa! Basi usingizi ukaishia hapo.

Enzi hizo nabeba boksi, nasafisha maofisi pale mtaa wa Strand, shifti ya jioni. Nashuka kituo cha Holborn, naiacha laini kubwa ya Piccadilly na watu wake, nahamia katreni ka mabehewa matatu kanakoenda kituo kimoja tu halafu kanarudi, kanaenda kanarudi, kama kuku anayetaga. Na hata hivyo si kutwa nzima, tangu 1962 kalikuwa kanatembea asubuhi na jioni tu, saa za watu kuingia na kutoka makazini, wikiendi hamna. Mimi natoka kazini usiku kameshalala zamani, narudi kwa miguu. Ng'ambo ya barabara palikuwa na Bush House, ndiko Idhaa ya Kiswahili ya BBC ilikokuwa, yaani zile sauti tulizokuwa tunazisubiri Tanga kwenye redio ya betri, baba kanyamazisha nyumba nzima, zinatokea hapo hapo ninapopita na ndoo yangu.

Sasa lifti, zile za kukutoa chini kwenye treni mpaka barabarani. Zilikuwa ni zile zile za 1907, na kuweka mpya ingegharimu kama pauni milioni 3, abiria kwa siku wako kama 450. Wakakifunga kituo. Hesabu hiyo inaniudhi mpaka leo, si kwamba ni ya uongo, ila unapunguza saa kwa kuwa abiria wachache, abiria wanazidi kupungua kwa kuwa saa zenyewe chache, halafu ndo unakuja na daftari kuwahesabu.

Siku ya mwisho ilikuwa Ijumaa tarehe 30 Septemba. Nikaenda mapema na mjomba wangu, mtu wa meli. Alikuwa hataki, anasema yeye kazika kwingi hana haja ya kwenda kuzika treni, lakini koti keshavaa. Holborn kumejaa kamera, nimepita hapo siku zote sijawahi kukanyagwa mguu, siku hiyo nikakanyagwa. Safari yenyewe ni dakika mbili hivi, hata kukaa hukai. Tukatoka tukasukumwa mpaka kwenye lifti.

Ile lifti ilikuwa kama chumba. Kuta za mbao zimekolea weusi wa mikono ya watu, harufu ya grisi na vumbi la joto, na pembeni kuna kibanda cha kukatia tiketi humo humo ndani, maana dirisha la tiketi la juu walilifunga tangu 1922 kubana matumizi, wakaona anayeendesha lifti akate na tiketi. Mlango ukajivuta. Watu kimya. Jamaa mmoja kainua kinasa sauti juu ya kichwa chake anarekodi lifti, narudia, anarekodi lifti, na ile lifti kama imejua, ikaguna, ikatetemeka, ndo ikaanza kupanda taratiibu kwa mlio wa minyororo. Mzee wa Kiingereza aliyebanwa kifuani kwa mjomba akaanza kutuhadithia, hakuna aliyemuuliza, kwamba 1940 treni zilisimamishwa na yeye mtoto mdogo alilazwa huko chini na mama yake, juu mabomu yanaanguka, na upande mwingine wa mahandaki vimefichwa vitu vya jumba la makumbusho la British Museum, pamoja na yale mawe ya kuchongwa ya Parthenon, hekalu la kale la Wagiriki. Treni hazikurudi mpaka 1946.

Mjomba akanigeukia, kwa Kiswahili na kwa sauti ya baharini: "Umesikia? Mawe ya Wagiriki yametafutiwa pa kulala. Wewe na ndoo yako wamekunyima lifti." Nikambana kiwiko. Yule mzee akatabasamu akidhani tunamshukuru, mjomba naye akampa mkono, wakashikana hivyo hivyo mpaka juu.

Nje wakaachana. Mimi nikaingia kazini, mjomba akasimama barabarani anabishana na dada mmoja mwenye kamera kwamba wanaozikwa pale si treni, treni ni nzima, mgonjwa alikuwa lifti.

Na hapo ndipo naposhindwa kusimama upande wowote. Milioni 3 kwa watu 450, mimi mwenyewe mngenipa hizo hela sijui kama ningezitia pale. Jumatatu yake nilishuka Holborn nikaambaa na barabara ya Kingsway kwa miguu, sikusubiri katreni, sikusubiri lifti, nikafika ofisini mapema kuliko siku zote. Mjomba sikumwambia.