Racheti ya Fundi na Racheti ya Mwenye Gari

Maduka ya zana hapa Mwanza yamejaa maboksi ya plastiki yenye soketi (vikombe vya chuma vya kuvalisha nati) za kila namba, na sisi tunaohangaika na magari yetu wenyewe siku za Jumapili huvutwa na wingi huo. Kwa maoni yangu, swali la kwanza linapaswa kuwa hili: zana ikivunjika, ni nani atakayepata hasara? Racheti, ule mpini wenye meno ndani unaoizungusha soketi upande mmoja na kurudi bure upande wa pili, ikinifia mimi, gari litalala juu ya jeki hadi Jumatatu. Ikimfia fundi wa gereji ya Nyakato, mteja ataondoka na kazi yake.

Ndiyo maana fundi anastahili kugharamia meno. Racheti yenye meno 36 ni lazima izunguke nyuzi (digrii) 10 kabla ya kushika jino linalofuata, ilhali yenye meno 72 inahitaji nyuzi 5 tu. Katika Hiace ya daladala, ambayo injini yake imefichwa chini ya viti vya mbele na mkono hauna pa kupita, nyuzi hizo chache huamua kama nati itafunguliwa pale pale au itabidi kwanza kung'oa vitu vingine. Racheti ya fundi iwe pia ya kufunguka mgongoni, ili aweze kuisafisha na kubadilisha springi na ulimi unaoshika meno. Baada ya kuisafisha aitie oili nyepesi, kwa sababu grisi nzito huuchelewesha ulimi huo na racheti huanza kuteleza.

Mwenye gari, kwa upande wake, afadhali pesa yake aielekeze kwenye soketi. Zile za pembe sita husukuma ubavu wa nati. Zile za pembe kumi na mbili hugusa karibu na kona, na kwenye nati yenye kutu kona hizo huliwa upesi. Kwa magari mengi ya Kijapani, namba (yaani milimita) 10, 12, 14, 17 na 19 hufanya sehemu kubwa ya kazi, pamoja na 21 kwa nati za magurudumu ya Toyota. (Kampuni ya Snap-on ya Marekani ilianza mwaka 1920 kwa wazo la soketi 10 kubadilishana mipini 5, boksi la vipande mia na zaidi ni tamaa ya baadaye.)

Kuna tabia moja nisiyoikubali kwa yeyote kati yao, nayo ni kuchomeka bomba kwenye mpini wa racheti. Nguvu ya uzito wa kilo 40 kwenye mpini wa sentimita 25 hutoa takriban Nm 98 (newton-mita, kipimo cha nguvu ya kuzungusha), karibu sawa na Nm 103 zinazotakiwa kwenye nati za magurudumu ya Toyota nyingi ndogo. Kwa bomba la mita moja, nguvu hiyo hiyo hutoa takriban Nm 390, na meno ya racheti ya inchi 3/8 (upana wa kichwa cha mraba kinachoingia kwenye soketi) hayakutengenezwa kwa mzigo huo. Nati iliyokwama ifunguliwe kwa mpini mrefu wa nusu inchi usio na meno, kisha racheti imalizie.

Kabla ya kulipa, omba bolti na nati dukani, ifunge nati kwa vidole tu, kisha urudishe racheti nyuma taratibu. Ikiirudisha nati pamoja nayo badala ya kulia tik-tik na kuiacha mahali pake, omba nyingine.