Mobridge hadi Wakpala: kijijini kwa Beatrice Medicine

Jaza mafuta Mobridge, Dakota Kusini, maana ng'ambo ya Mto Missouri vituo ni vichache. Nilivuka daraja la barabara namba 12 asubuhi, nikielekea Wakpala, alikozaliwa Beatrice Medicine, mtaalamu wa anthropolojia (utafiti wa jamii na tamaduni), nikarudisha saa nyuma kwa saa 1. Mto ndio mpaka wa kanda za saa hapa, kwa hiyo ukipanga miadi na mtu wa Standing Rock, eneo la hifadhi la Wahindi Wekundu ng'ambo ya mto, muulize anahesabu saa ya upande gani.

Maji mapana chini ya daraja ni Ziwa Oahe, lililotokana na bwawa la karibu na Pierre. Yalimeza zaidi ya ekari 55,000 za Standing Rock, tena zile nzuri: misitu ya bondeni, kuni, matunda pori, kinga ya mifugo wakati wa baridi. Mgeni akiona nyanda kavu za juu tu, hajaiona nchi aliyozaliwa Medicine mwaka 1923.

Wakpala ni mwendo wa chini ya nusu saa. Kijiji ni kidogo, ila Ella Deloria, aliyefanya kazi ya lugha na mwanaanthropolojia Franz Boas, alikulia hapa, kwenye misheni ya Mtakatifu Elizabeth. Medicine, Mlakota (mmoja wa wenyeji asilia wa nyanda hizi) wa tawi la Sihasapa, alimfuata katika taaluma hiyohiyo.

Shahada ya kwanza aliipata 1945, ya uzamili 1954, ya uzamivu 1983, akikaribia miaka 60. Usidhani alikuwa amelala. Alifundisha vyuo vingi vya Marekani na Kanada, na mwaka 1974 alitoa ushahidi wa kitaalamu mahakamani Lincoln, Nebraska, katika kesi za wanaharakati walioteka kijiji cha Wounded Knee mwaka 1973, ambako mkataba wa 1868 kati ya Marekani na Walakota ulikuwa kiini cha hoja. Mwaka uleule wa uzamivu, yeye na mwanaanthropolojia mwenzake Patricia Albers walitoa kitabu kuhusu wanawake wa nyanda hizi, kwa kuwa waandishi wa awali walijaza kurasa kwa wawindaji na wapiganaji wanaume.

Kwangu mimi, kazi yake kubwa ni tasnifu yake ya uzamivu kuhusu ulevi. Wengi waliuliza kwa nini Walakota wanakunywa. Yeye aliuliza pia wanaoacha wanaachaje, na nani anawashika mkono. Swali hilo linamhitaji mtu anayejua Kilakota na undugu wa nyumba kwa nyumba. Alipostaafu Chuo Kikuu cha Jimbo la California, Northridge, mwaka 1988, alirudi Wakpala akashughulikia ujenzi wa shule.

Niliendelea kaskazini hadi Fort Yates, makao makuu ya kabila la Standing Rock. Mwenye nia ya utafiti aanzie huko kuomba ruhusa, kabla hajabisha hodi kwa mtu yeyote Wakpala.